Ndege ya Utafiti Haioni Dhahabu: Usiuze Shamba, Usikopee Gesti

Leo nilitakiwa kuendelea na somo la viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, tuliloliacha katikati. Naomba mnivumilie, nitalirudia. Kuna jambo limenikera, na nisipolisema sasa, mvua za Novemba zitatukuta mashamba yamelala.

Jambo lenyewe ni ndege. Ile ndogo iliyokuwa ikipita chini chini juu ya vijiji vyetu mwezi uliopita, ina kitu kama mkia mrefu nyuma. Inakwenda moja kwa moja, inageuka, inarudi pembeni kidogo ya pale ilipopita, kama mtu anayepiga matuta ya viazi. Siku ya tatu maneno yakaanza. Siku ya tano dalali mmoja alikuwa ameshaketi kwenye kijiwe cha bodaboda na daftari lake. Kufika Jumapili, ekari iliyokuwa laki nne ikawa inatajwa milioni moja na nusu, na wakulima wawili ninaowahudumia wakaniambia hawaandai shamba mwaka huu, "maana tutahamishwa tu, bwana shamba."

Nani amewaambia mtahamishwa? Ndege?

Nasema wazi, na anayetaka kubishana aje ofisini tubishane: ndege ile haikuona dhahabu. Haiwezi. Hakuna ndege inayoweza. Na anayekuambia "wameshapima, madini yapo" ama hajui anachokisema, ama anakijua vizuri sana na anataka shamba lako.

Tuanze na hesabu ya nyumbani. Mgodi mkubwa wa dhahabu unaweza kuendeshwa kwa faida kwenye mwamba wenye gramu 2 au 3 tu katika tani moja ya mawe. Tani moja ni magunia kumi ya mahindi ya kilo mia mia. Gramu 2 ni kama punje sita au saba za mahindi. Sasa chukua magunia kumi, changanya humo punje saba zenye rangi tofauti, yafukie chini ya udongo, kisha panda juu kuliko mti mrefu kuliko yote kijijini, upite mbio, uniambie punje ziko wapi. Huo ndio uwezo mnaoipa ndege.

Ndege inapima nini basi? Mara nyingi inapima mambo mawili. La kwanza ni usumaku wa miamba. Dunia yote ina nguvu ya sumaku, ndiyo inayogeuza sindano ya dira. Mwamba wenye chuma cha aina fulani huiongeza au kuipotosha nguvu hiyo kidogo, na chombo kilichomo kwenye ule mkia huhisi tofauti hiyo. La pili ni mionzi ya asili inayotoka kwenye udongo na mawe, ya potasiamu, urani na thoriamu. Mionzi hiyo haitoki mbali. Kinachosomwa kutoka juu ni kile kilichomo kwenye sentimita thelathini au arobaini za juu, yaani kina unacholima kwa jembe la ng'ombe na kidogo zaidi. Kilichoko chini ya hapo chombo hakina habari nacho.

Dhahabu yenyewe haina usumaku wa maana. Haitoi mionzi. Wataalamu wanachotafuta ni dalili za mahali ambapo dhahabu hupenda kukaa. Pale Geita, kwa mfano, dhahabu nyingi imekutwa pamoja na miamba yenye mistari mistari ya chuma. Miamba hiyo ina usumaku mkali, kwa hiyo kwenye ramani ya ndege inajitokeza kama mshipa kwenye mkono wa mkulima. Lakini mshipa ule ni wa chuma. Una kilomita na kilomita. Dhahabu inaweza kuwa kwenye mita mia tatu zake, au isiwepo kabisa. Ramani ya ndege inamwambia mtaalamu: nenda katembee hapa, kachukue udongo hapa, usipoteze muda kule. Haisemi zaidi ya hapo, na mtaalamu mwenyewe anajua haisemi zaidi ya hapo. Mwulize uso kwa uso, atakwambia.

Sasa kuna wale waliofuata baada ya ndege, wanaotembea kwa miguu. Mmewaona: kijana amebeba mtungi mgongoni na fimbo ndefu juu ya kichwa, ameacha simu, mkanda na panga kwenye gari. Watu wakasema ameviacha kwa sababu ya masharti, kama mganga. Hapana. Chombo chake ni cha usumaku, na bakli ya mkanda wake ina kelele nyingi kwa chombo hicho kuliko mwamba ulioko chini mita hamsini. Bati la nyumba yako linakivuruga. Baiskeli iliyoegeshwa inakivuruga. Ndiyo maana aliikwepa nyumba ya mwenyekiti, ile yenye bati jipya. Na wewe uliyeniambia alikwepa pale "kwa sababu mzigo uko chini ya nyumba ya mwenyekiti", umemwongezea mzee wa watu maadui bure.

Kisha wanakuja wale wa nyaya. Hawa ndio waliozua fujo katika kitongoji kimoja mwaka juzi, nitawarudia. Wanapigilia vigingi vya chuma ardhini, wanamwagia maji ya chumvi kwenye kigingi, wanaunganisha nyaya ndefu na jenereta, wanapeleka umeme ardhini halafu wanasoma umerudi vipi. Wanataka kujua mambo mawili: ardhi inapitisha umeme kwa urahisi gani, na je, ukiuzima umeme ghafla, ardhi inabaki na chaji kidogo kama betri mbovu? Miamba yenye madini ya salfaidi yaliyotawanyika ndani yake hubaki na chaji. Na dhahabu mara nyingi huambatana na salfaidi kama pairaiti, yale mawe ya njano yanayong'aa ambayo kila mchimbaji mgeni huyafunga kwenye leso akidhani ametajirika.

Lakini tazameni ni vitu vingapi vinavyopitisha umeme ardhini. Udongo wa mfinyanzi uliolowa unapitisha. Maji yenye chumvi yanapitisha. Madini ya kinywe yanapitisha vizuri sana. Na pairaiti isiyo na hata chembe ya dhahabu inabaki na chaji sawasawa na ile yenye dhahabu. Chombo hakichagui.

Msitake kuniambia hamjaliona hili kwa macho yenu. Kisima cha shule mnakikumbuka? Walikuja wapimaji wa maji na kifaa cha ukoo huohuo, vigingi na nyaya, wakapima siku nzima, wakaweka alama ya chokaa, wakasema chimbeni hapa. Mtambo ukaja, ukachimba mita tisini, ukatoa vumbi. Ukahamia alama ya pili, maji yakapatikana. Hakuna aliyedanganya. Kipimo kilisema "hapa kuna kitu kinachopitisha umeme", na kweli kilikuwepo: mfinyanzi. Kujua kama ni maji ilibidi kuchimba. Sasa kama kwa maji, ambayo yako karibu kila mahali ukienda chini vya kutosha, kipimo kinaweza kukosea, vipi kwa dhahabu mnakifanya Msahafu?

Najua jibu ninalopewa. Nilipewa na diwani mstaafu mmoja mbele za watu: "Bwana shamba unawakatisha watu tamaa. Geita ilianza hivihivi." Sawa, tuizungumze Geita. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, ukafungwa. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Katikati hapo ni miaka thelathini na minne, na hapo dhahabu haikuwa ya kubahatisha, ilikuwa imeshachimbwa tayari! Mtoto aliyezaliwa mgodi wa kwanza unafungwa alikuwa na watoto wake wa kubeba mgongoni wa pili ulipofunguliwa.

Au twende Ngara. Nikeli ya Kabanga ilijulikana katikati ya miaka ya 1970. Si kwa tetesi, kwa kuchoronga. Kampuni zimekuja, zimepima kwa kila chombo kinachojulikana duniani, zimechoronga, zimeuziana, zimeondoka, nyingine zimekuja. Serikali ilisaini makubaliano mapya ya mradi huo mwaka 2021. Hiyo ni hazina inayokubalika na kila mtaalamu kuwa ni kubwa na ni nzuri, na bado vizazi viwili vya wakulima wa migomba vimeishi juu yake vikisubiri. Nyie mna ndege tu, wiki moja, na mmeshaacha kulima.

Au Mwadui. Dr. Williamson aliipata almasi ile mwaka 1940, kwa kufuatilia mchanga na udongo kwa miaka mingi huku akiishiwa fedha. Almasi hukaa kwenye mabomba ya mwamba uitwao kimbalaiti, na bomba la kimbalaiti mara nyingi huonekana vizuri kwenye ramani ya usumaku, kama duara. Tangu hapo yamepatikana mabomba mamia katika nchi hii. Mamia! Mgodi mkubwa uliodumu ni Mwadui. Mengine mengi ni kimbalaiti kweli, mwamba wenyewe kabisa, ila hauna almasi, au anazo chache zisizolipa hata dizeli. Kila duara lile lilipokuwa linapimwa, pembeni yake palikuwa na kijiji, na nina hakika kila kijiji kilikuwa na dalali wake.

Naandika kwa hasira, lakini sijitoi. Mimi mwenyewe niliingia. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo changu cha kwanza cha kazi, kampuni moja ilikuja na helikopta iliyoning'iniza pete kubwa kama tairi la mtu wa angani. Nilikuwa kijana, nina mshahara wa miezi minne nimeubana. Nikanunua kiwanja cha mita ishirini kwa ishirini kwenye njia panda, kwa bei mara tatu ya kawaida, nikiwaza duka la pembejeo na vifaa vya mgodi. Kampuni ilichoronga mashimo machache ng'ambo ya mto, ikafunga mahema. Kiwanja bado ninacho. Kuna mtu analima karanga humo, ananipa debe moja kwa mwaka kwa huruma yake. Elimu ya udongo nilikuwa nayo, cheti kiko ukutani, na bado nilisikia "wamepima" nikaelewa "wamepata". Kwa hiyo sikuoni mjinga wewe uliyefanya hivyo. Nakasirika kwa sababu najua utamu wake.

Yangu ilikuwa kiwanja. Mama mmoja mwenye duka la rejareja pale senta alikopa kausha damu akajenga gesti ya vyumba sita. Wageni wake walikuwa vijana wa nyaya, wiki tatu, wakaondoka. Duka lilikwenda kulipa riba. Vyumba sasa anaweka mahindi ya watu kwa kulipwa kidogo kidogo, na hata hapo naona tatizo: vyumba vya gesti vina madirisha madogo, hewa haipiti, mahindi yanapata unyevu na kuvu, na kuvu ndiyo inaleta sumukuvu. (Mama, kama unasoma: weka mbao chini, usiegemeze magunia ukutani, na usipokee mahindi ambayo hayajakauka sawasawa. Nitapita.)

Na yule mzee wa kitongoji cha ng'ambo alifanyiwa ubaya wa aina nyingine, ambao nataka kila mkulima auelewe kwa sababu ndio unaozunguka sasa hivi. Dalali hakununua shamba lake. Alimpa kianzio, laki mbili, na karatasi inayosema kiasi kilichobaki kitalipwa "mradi ukianza". Mzee aliona ekari nne kwa milioni sita, akatia dole gumba. Tangu siku hiyo halimi pamba, kwa sababu karatasi inamkataza "kuendeleza eneo". Mradi haujaanza. Mwaka wa tatu huu. Dalali hana hasara: mradi ukianza atavuna fidia, usipoanza amepoteza laki mbili. Mzee amepoteza misimu mitatu ya pamba. Hiyo si biashara, huo ni mtego wa panya, na kipande cha dagaa kilichowekwa humo ni ile ndege.

Karatasi kama hiyo usitie dole. Mauziano ya ardhi ya kijiji yana njia yake, yanapita kwenye halmashauri ya kijiji, yanaandikwa. Na elewa unachouza: madini yaliyo chini si yako na hayatakuwa ya dalali. Kwa sheria yetu madini ni mali ya umma chini ya serikali, na anayeyachimba anahitaji leseni. Shamba ni lako, na mazao ni yako. Anayekuambia ananunua "shamba na mzigo wake" anakuuzia upepo kwa ardhi yako mwenyewe.

Kuna kundi jingine la wajanja, wale wa fimbo mbili za shaba na kisanduku chenye taa. Hawa hawana kampuni wala leseni, wanapita kwa wachimbaji wadogo na kwa wenye mashamba yenye mawe meupe. Wanasema kifaa chao "kinavuta dhahabu kutoka mita arobaini". Fimbo zikipishana, dhahabu ipo, toa laki tatu. Ndugu zangu, kifaa cha mkononi cha kutambua metali kipo kweli, wachimbaji wanakitumia, na kinaweza kunusa kipande cha dhahabu kilichojificha kwenye udongo. Lakini ni kipande, si vumbi lililomo ndani ya mwamba, na ni kwa kina cha sentimita kadhaa hadi pengine goti la mtu. Kinapiga kelele vilevile kwa msumari na kizibo cha soda. Zile fimbo zinazopishana zinapishana kwa mkono wa mwenye fimbo. Ukitaka kujua, mfunge kitambaa machoni, mzungushe mara tatu, mwambie apatafute tena palepale alipopaweka alama. Nimelifanya hilo mara moja. Jamaa alikumbuka ghafla kuwa ana msiba.

Nilisema nitawarudia watu wa kitongoji kilichozua fujo. Wao walikosea kwa upande mwingine. Walisikia nyaya zinapeleka umeme ardhini, wakaamini kampuni inavuta dhahabu kwa umeme usiku. Wakang'oa vigingi, wakakata waya, polisi wakaja, vijana watatu wakalala ndani. Nawaambia nao bila kuwapaka mafuta: umeme ule hauvuti kitu. Unapita, unasomwa, umekwisha. Kilichoibwa pale kilikuwa mihogo ya mama wawili iliyofyekwa kupisha nyaya, na hakuna aliyeidai, kwa sababu siku ya kudai wote walikuwa kituoni kuwawekea vijana dhamana.

Na hapo ndipo ninapotaka nguvu zenu ziende. Achana na dhahabu isiyojulikana, dai mihogo inayojulikana. Sheria ya Madini iko wazi kwamba mwenye leseni ya utafutaji akiharibu mazao, miti, mifugo au majengo ya mkazi halali, anapaswa kulipa fidia ya haki. Kwenye shamba lililolimwa na karibu na nyumba anahitaji kibali chako cha maandishi. Na wewe unabaki na haki ya kulima na kuchunga kwenye eneo la leseni mradi humzuii kazi yake. Nairudia hii kwa wale wawili waliokuja kwangu: unabaki na haki ya kulima. Leseni ya utafutaji kipindi chake cha kwanza ni hadi miaka minne. Ni misimu minne ya mahindi. Hakuna sheria inayokuambia uiache ipite ukiwa umekaa kijiweni.

Wakija kwenye shamba lako, usiwafukuze na usiwashangilie. Waombe wakuoneshe nakala ya leseni na barua ya kutoka wilayani, na uhakikishe mtendaji wa kijiji anayo nakala. Kabla panga halijagusa hata jani, tembea nao kwenye mstari wanaotaka kufyeka, uwe na mtendaji au mjumbe. Hesabu mashina, pima urefu na upana wa njia kwa hatua, piga picha kwa simu, andikeni kwenye daftari, mtie sahihi pande zote mbili, kila mmoja abaki na nakala. Muhogo wa mwaka mzima usikubali uandikwe kama muhogo wa miezi mitatu. Mwembe unaozaa usiandikwe "mti". Kama ni Machi na mahindi yamebeba, waombe wasubiri hadi mavuno. Mara nyingi wanakubali, kwa sababu kutembea kwenye mabua makavu ni rahisi kwao pia, na hawapendi kulipa. Siku ya nyaya, ng'ombe, mbuzi na watoto wakae mbali kabisa, umeme ule unaweza kuua. Fomu tupu usitie sahihi hata kama imeletwa na mtoto wa dada yako.

Wafanyabiashara, kwenu nina maneno machache. Wapimaji wanakula. Wauzieni chakula, maji, vocha, mafuta ya pikipiki, na mdai fedha taslimu, maana daftari la mkopo la kambi huwa linaondoka na kambi. Hiyo ni biashara ya wiki sita, ifanyeni kwa mtaji wa wiki sita. Mtu anayejenga nyumba ya mkopo kwa mteja mwenye hema anashindana na mteja wake, na mwenye hema ndiye anayeondoka bila deni.

Sasa niwageukie wenye kampuni, na viongozi wetu, maana haki haiwi ya upande mmoja. Mnakuja kijijini, mnafanya mkutano wa kwanza, mnaomba ushirikiano, mnaajiri vijana wa kufyeka. Vizuri. Mkimaliza, mnaondoka usiku kama mkwe aliyekosa mahari. Kwa nini hakuna mkutano wa pili? Najua matokeo ni siri ya biashara, na taarifa mnapeleka serikalini, siyo kwetu. Hakuna anayeomba ramani zenu. Tunaomba sentensi moja tu mbele ya mkutano wa kijiji: "Tumemaliza kupima, mwaka huu hatuchorongi hapa," au "tutarudi kuchoronga kule mlimani, huku bondeni limeni." Sentensi hiyo haiwagharimu hata lita ya dizeli. Kukosekana kwake ndiko kunakompa dalali mtaji. Katika ukimya wenu yeye ndiye msemaji wa kampuni. Pamba ya yule mzee isiyolimwa miaka mitatu, na nyie mna mkono humo, hata kama hamkutia saini.

Viongozi nao wanajua kuutumia ukimya huo. Ndege ikipita, kesho yake mtu jukwaani anasema "neema imekaribia". Ndugu mwenyekiti, neema ipi? Serikali yenyewe imesema kwamba ni asilimia 16 tu ya nchi iliyokuwa imepimwa kwa undani na ndege, na lengo ni kufikia angalau asilimia 50 ifikapo mwaka 2030. Maana yake ndege hizi zitapita juu ya vijiji vingi sana, vya pamba, vya mpunga, vya alizeti, vya korosho. Ni kazi njema. Ramani hizo zitasaidia hata kutafuta maji na kuelewa miamba inayozaa udongo wetu, na wachimbaji wadogo wataacha kuchimba maduara kwa ndoto. Siipingi kabisa, naitaka. Lakini nchi nusu nzima ikipimwa, je, nusu ya nchi itakuwa mgodi? Na kama kila kijiji kitakachopitiwa na ndege kitaacha kulima msimu mmoja kikisubiri, tutakula nini?

Kama kampuni itaendelea, utaona mambo kwa mpangilio. Watarudi kuchukua udongo kwenye mifuko midogo, kwa mistari. Watachimba mitaro. Ukija mtambo wa kuchoronga, ukakaa, ukaondoka, halafu ukarudi mara ya pili na ya tatu palepale kwa miaka, hapo anza kusikiliza. Mthamini akija na fomu za serikali kuhesabu nyumba na miti kwa ajili ya fidia, hapo ndipo neno "kuhamishwa" lina maana, na hata hapo kuna taratibu na haki zako, tutaziandikia siku yake. Kabla ya hapo, kila hatua inaweza kuwa ya mwisho, na nyingi huwa hivyo.

Wale wakulima wawili, majina yenu siandiki, mnajijua. Mbegu mnayo mlionunua Agosti, nimeiona. Jumanne nitakuwa kwenye shamba darasa saa mbili asubuhi, tutapima nafasi ya sentimita 75 kwa 30 kwa kamba, na samadi ipo. Njooni na majembe. Dalali naye akitaka aje, kamba ni ndefu. Juma lijalo tunarudi kwa viwavijeshi.